Mapigo Arobaini na Moja

Gari la mgonjwa lilisimama getini, kilomita mbili kutoka kituoni, maana zaidi ya hapo gari lolote haliruhusiwi. Tusekile Mwakalobo alikuwa anatazama kwenye skrini. Aliona mwanamke wa miaka sitini hivi akiteremka, kitenge kimefungwa juu ya koti la kiume, mkono mmoja ubavuni. Binti aliyemsindikiza alitaka kupanda naye kwenye kile kitoroli cha betri chenye magurudumu mapana laini, kinachojiendesha chenyewe. Sauti ya getini ikamwambia abaki. Mwanamke akaketi peke yake, na kitoroli kikaanza kupanda taratibu kupita ukungu wa uwanda wa Kitulo.

Ndivyo walivyokuja wote, mmoja mmoja. Mtambo wa Nyalawe ulikuwa na vioo vilivyopangwa kwa ustadi kiasi kwamba lori likipita barabarani vilitikisika, na vikitikisika, mwanga unapotea njia. Kwa hiyo wakaujenga mahali pasipo na barabara, pasipo na nyumba, pasipo na kinu wala trekta. Chakula kililetwa na ndege isiyo na rubani na kushushwa ng'ambo ya kilima. Mwendeshaji alikuwa mmoja tu, kwa sababu hata nyayo za watu wawili ni nyingi. Tusekile alikuwa amekaa hapo miaka miwili na miezi minne.

Alimpokea mgonjwa mlangoni, akampa soksi nene za sufu.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu." Mwanamke alitazama ukumbi mtupu. "Wenzako wako wapi?"

"Niko peke yangu."

"Humu?"

"Humu."

Jina lake lilikuwa Ferista Mahenge, mkulima wa pareto kutoka Ikungwe, kijiji kilicho chini ya uwanda. Alikuwa na uvimbe nyuma ya tumbo, umekumbatia mshipa mkubwa karibu na uti wa mgongo, mahali ambapo kisu cha daktari hakithubutu. Alilala kitandani, akauliza atafanywa nini. Tusekile akamweleza kama alivyowaeleza wote.

"Umeshaona lori likipita kwa kasi, vumbi na majani makavu yakalifuata nyuma?"

"Kila siku."

"Huku ndani kuna mwanga mkali sana, unaitwa leza. Tunaupiga kwenye gesi kidogo. Mwanga ndio lori. Vipande vidogo vya umeme, elektroni, ndio majani. Vinavutwa nyuma yake, na katika urefu usiozidi ukucha wa kidole gumba vinapata kasi ya ajabu. Hivyo ndivyo vinavyoingia mwilini kuuchoma uvimbe."

"Nitaungua?"

"Hutasikia kitu."

Tusekile alirudi chumba cha pili, akafunga mlango mzito, akaketi bila kutikisa mguu. Akabonyeza. Mapigo mia tatu yalipita katika nusu sekunde.

"Tayari, mama."

"Tayari nini?"

"Tumemaliza."

Mama Ferista aliinuka, akajipapasa tumbo, akamtazama kwa mashaka. "Nimesafiri tangu alfajiri kwa ajili ya kitu nisichokisikia. Basi walau nipe chai." Akaketi jikoni kwa Tusekile hadi akamaliza vikombe viwili, huku binti yake akipiga simu kutoka getini kila baada ya dakika kumi.

Hiyo ilikuwa Machi.

*

Kufikia Juni uvimbe ulikuwa umesinyaa ukabaki kovu. Mama Ferista hakuwa na sababu tena ya kupanda Nyalawe, lakini alipanda. Aliulizia siku ambayo mtambo haufanyi kazi, akaambiwa Alhamisi, siku ya kusafisha vioo. Akawa anakuja Alhamisi, kwa miguu, kupitia njia ya wachunga ng'ombe.

"Mtu hawezi kukaa na mashine tu," alisema mara ya kwanza. "Utaanza kunguruma."

Alimsuka. Tusekile alikuwa ameziacha nywele zake zijifunge zenyewe chini ya kofia ya kazi. Mama Ferista aliziona, akaguna, akamkalisha chini kati ya magoti yake na kuanza kuzichambua kwa kitana. Tusekile akagundua kwamba hakumbuki mara ya mwisho mtu kumshika kichwa. Mumewe alibaki Mbeya, kisha akabaki kwa maana nyingine, na barua za mahakama zikaja kwa ile ndege pamoja na mchele. Mama yake alikufa mwaka wa kwanza wa Nyalawe. Alienda mazikoni siku tatu, akarudi. Alilia kidogo tu pale chini, kati ya magoti ya mtu asiye ndugu yake, na Mama Ferista akajifanya hajui, akaendelea kusuka.

Mwanzoni mwa Oktoba alikuja amechelewa. Tusekile alimwona kwenye skrini akipanda, mguu wa kushoto ukiburuta nyasi. Alipofika mlangoni alikuwa amevaa kandambili moja.

"Nyingine iko wapi?"

Mama Ferista aliangalia chini, akashangaa yeye mwenyewe. "Imenivuka njiani. Sikujua."

"Hukusikia kwamba unakanyaga majani ya baridi?"

"Baridi ya huku inaua miguu, mwanangu. Niwekee maji ya moto."

Tusekile aliweka maji. Alijua kwamba mtu anayeshindwa kusikia kandambili ikimvuka hana tatizo la baridi.

*

Kila pigo la mtambo huacha picha yake kwenye kioo kinachong'aa: doa moja la mwanga, linaloonyesha mwali wa elektroni ulipita wapi. Lakini hakuna anayetazama picha mia tatu za kila mgonjwa. Kompyuta huzijumlisha, hutoa picha moja ya wastani na namba moja ya kipimo. Namba ikiwa sahihi, huandika "sawa". Kwa Mama Ferista iliandika "sawa".

Jumanne, baada ya mgonjwa wa mwisho kuondoka, Tusekile alifungua picha za Machi na kuzipitia moja moja.

Pigo la kwanza, doa moja. La pili, moja. La kumi na saba lilikuwa na madoa mawili.

Alisogea karibu. Doa kubwa lilikuwa mahali pake. Pembeni yake, kama mtoto aliyezaliwa pacha bila kutarajiwa, kulikuwa na doa dogo. Wimbi la pili ndani ya gesi lilikuwa limekamata elektroni zake lenyewe na kuzirusha upande. Kompyuta ilijumlisha madoa yote mawili, ikapata kipimo kilekile, ikaridhika. Alihesabu hadi mwisho. Mapigo arobaini na moja yalikuwa na pacha. Alichukua picha ya mwili wa Mama Ferista, akaweka madoa yale juu yake. Yote madogo yaliangukia uti wa mgongo.

Hakuhitaji kutafuta sababu kwa muda mrefu, maana sababu aliijua. Asubuhi uwanda ule huganda. Vioo vya leza vinatakiwa kupashwa joto kwa saa mbili nzima kabla ya mgonjwa wa kwanza, na siku ile wa kwanza alikuwa Mama Ferista. Januari orodha ilipokuwa ndefu, na watu wakawa wanafia kwenye orodha, Tusekile alipendekeza dakika arobaini, ili mgonjwa mmoja zaidi apate nafasi kila siku. Dokta Mntangi, msimamizi wake aliyeko Dodoma, alisema kwenye simu, "Jaribu." Walijaribu. Kompyuta iliandika "sawa" kila siku.

Alipitia wagonjwa wote waliotangulia asubuhi tangu Januari. Tisa walikuwa wamepigwa na mwali wa pili mahali pabaya: uti wa mgongo, neva ya jicho, njia ya mkojo. Tisa, kwa wazo lake jema.

Siku iliyofuata alipasha vioo kwa muda wa saa mbili nzima, akatazama picha zote mia tatu za kila mgonjwa. Hapakuwa na pacha hata mmoja. Ndipo akampigia Dokta Mntangi.

Dokta alimsikiliza bila kumkatiza. Dokta hakuwa mtu mbaya. Dada yake mwenyewe alitibiwa kwenye mtambo kama ule.

"Leo picha zikoje?" aliuliza.

"Safi."

"Basi tatizo limekwisha."

"Kwa wa leo. Nazungumzia wale tisa."

"Tuse, nisikilize. Nchi nzima ina mitambo sita. Ukiandika taarifa ya mwali kupotea, sheria inafunga yote sita siku hiyohiyo mpaka tume imalize. Tume haimalizi kwa mwezi. Wewe una watu wangapi wanaosubiri?"

"Sitini na wawili."

"Uvimbe hausubiri tume."

"Kuna dawa, Dokta. Wale tisa wakiianza mapema, wengine watabaki na miguu yao."

"Wengine."

"Wengine ni watu."

"Na sitini na wawili ni nini?" Kisha akashusha sauti. "Nitawaita wale tisa mimi mwenyewe. Tutasema ni uchunguzi wa kawaida wa baada ya matibabu. Tutawapa dawa. Mitambo inaendelea, na hakuna anayekosa. Nipe wiki mbili tu unyamaze."

Tusekile alitafuta kosa katika mpango ule, asilipate. Kila mtu angepata alichohitaji, isipokuwa kujua.

"Sawa," alisema.

*

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Mama Ferista alikuja na fimbo. Alimsuka kama kawaida, akiwa ameketi kwenye kiti badala ya kigoda kwa sababu asingeweza kuinuka tena. Alimaliza mistari mitatu.

"Hospitali ya wilaya wamenipigia," alisema. "Wanataka niende kupimwa."

"Nenda, mama."

"Siendi."

Tusekile alitaka kugeuka. Mama Ferista akamshika kichwa, akakirudisha.

"Tulia. Mimi najua kilichonipata. Ule uvimbe umerudi, sasa umeshika mgongo. Mjomba wangu alikufa hivyohivyo, ulianza mguu. Sitaki kuchomwa tena wala kusafirishwa. Nimeshamwita binti yangu Neema aje tugawane shamba mdomo wangu ukiwa bado unasema. Nimeona nikwambie, usije ukakaa Alhamisi moja unaangalia njia."

Hapo palikuwa na nafasi. Tusekile aliiona kabisa, kama mlango ulioachwa wazi. Angesema: mama, hufi. Lakini kusema hivyo kungemlazimu aseme na yaliyobaki, na nyuma ya yaliyobaki kulikuwa na watu sitini na wawili. Na, kama angekuwa mkweli kwa nafsi yake, kulikuwa pia na Alhamisi. Vidole vya Mama Ferista vilikuwa vya moto juu ya utosi wake. Akanyamaza hadi nywele zikaisha.

*

Ijumaa asubuhi aliwaambia wagonjwa wawili wa siku hiyo wasije, akazima mtambo, akateremka Ikungwe kwa miguu. Ilimchukua saa tatu. Njiani alijaribu maneno kadhaa, yote akayaacha.

Mama Ferista alikuwa ameketi uani, anaanika maua ya pareto kwenye jamvi. Alipomwona alifurahi, kisha akaacha kufurahi.

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Mama, uvimbe haujarudi. Hufi." Tusekile alibaki amesimama. "Mguu huo umeharibiwa na mtambo wangu. Siku ile ya Machi, mwali uligawanyika, kipande kikapiga uti wa mgongo. Ni kwa sababu nilipunguza muda wa kupasha vioo. Mimi ndiye niliyepunguza. Kuna dawa. Sijui kama itaurudisha mguu, lakini inaweza kuzuia usiende mwingine. Ndiyo maana wanakuita hospitali."

Mama Ferista aliendelea kutandaza maua, polepole, hadi mkono ukafika ukingo wa jamvi.

"Ulijua lini?"

"Jumanne."

"Jumanne." Alihesabu. "Jana ilikuwa Alhamisi."

"Ndiyo, mama."

"Jana nilikwambia nakufa."

Mama Ferista aliinua macho kutoka kwenye jamvi.

"Nilikwambia nagawa shamba langu, nakufa. Kichwa chako kiko hapa, kwenye mapaja yangu. Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Mguu, mwanangu, ni kazi ya mashine. Mashine inakosea. Hata ng'ombe anapiga teke." Sauti yake haikupanda. "Lakini jana haikuwa mashine."

Neema, binti yake, alitoka ndani aliposikia, akiwa na kikapu mkononi, akauliza kuna nini. Mama yake akamwambia aende kumtafutia gari la hospitali. Kisha akamwambia Tusekile, "Wewe toka kwangu."

Alipofika kituoni ilikuwa saa tisa alasiri. Aliandika taarifa kwa ukurasa mmoja, akaweka majina tisa, picha, tarehe, na sentensi iliyoanza na "Mimi". Aliituma kwa mamlaka ya mionzi bila kumpitia Dokta Mntangi. Saa kumi na moja kasoro taa ya mtambo iligeuka nyekundu, mtambo ukafungwa kutoka mbali. Mitambo mingine mitano ilizimika dakika hiyohiyo.

*

Wagonjwa wa kwenye orodha wangeweza kutumiwa ujumbe. Tusekile aliamua kuwapigia mwenyewe, wote sitini na wawili, kwa siku tatu. Baadhi walimtukana. Bibi mmoja alimshukuru, hilo likawa gumu kuliko matusi. Mwalimu Ezron Luvanda wa Bulongwa, ambaye zamu yake ilikuwa Jumatatu, alisikiliza kama mtu anayesahihisha daftari.

"Mtambo umeharibika?" aliuliza.

"Hapana, mwalimu. Ni mzima."

"Ulikuwa mzima tangu lini?"

"Tangu Jumatano."

"Kwa hiyo Jumatatu ningetibiwa."

"Ndiyo."

Alisikia pumzi yake upande wa pili, na sufuria ikigongwa, na mtu akiongea jikoni.

"Ungeweza kusubiri mpaka Jumanne," mwalimu alisema, akakata.

Tume ilichukua miezi mitano. Kati ya tisa, wanane walikubali dawa baada ya kuelezwa, na sita kati yao walibaki na viungo vyao. Mama Ferista alipoteza mguu wa kushoto, si kwa kukatwa, ila ulibaki pale kama kitu cha mtu mwingine. Wa kulia ulipona. Mitambo ilipofunguliwa iliwekewa mashine ya kutazama kila pigo, na waendeshaji wawili badala ya mmoja, wakafundishwa kutembea kwa soksi. Tusekile hakuwa mmoja wao. Dokta Mntangi alijiuzulu kabla ya kuulizwa, akamtumia salamu moja: hakumlaumu, lakini asimpigie simu tena.

Kati ya wale sitini na wawili, kumi na wanne walifariki mitambo ikiwa imefungwa. Mwalimu Luvanda alikufa Februari. Tusekile aliyajua majina yote kumi na manne, na kwenye chumba alichopanga Makete mjini hakuwa na mtu wa kumtajia.

Siku moja ya Mei simu ilimwita.

"Sijakupigia kukusamehe," Mama Ferista alisema.

"Najua, mama."

"Viazi vinaoza ardhini. Neema hajapata ruhusa kazini, na mimi siwezi kusimama. Una jembe?"

"Sina."

"Yapo. Njoo kesho."

Alikwenda. Mama Ferista alikuwa amewekewa kiti pembeni mwa shamba, blanketi magotini, fimbo mkononi. Alielekeza kwa fimbo.

"Anza mbali na shina. Usikate."

Tusekile alichimba. Udongo ulikuwa mzito kwa mvua, na mikono iliyozoea vioo ilitoka malengelenge kabla ya saa nne. Hawakuzungumza ila kuhusu viazi: hiki cha mbegu, hiki kimeoza, tupa. Jua lilipochungulia walikuwa na magunia matano. Tusekile akachukua sindano na kamba, akaanza kuyashona midomo.

"Yule mwalimu wa Bulongwa, nilisikia habari zake," Mama Ferista alisema, akitazama shamba. "Ana watoto?"

"Wawili. Na mjane."

"Umeshaenda?"

"Hapana."

Mama Ferista alinyoosha fimbo, akagusa gunia la mwisho. "Hilo ni lao. Utalipeleka mwenyewe."

"Watanifukuza, mama."

"Watakufukuza."

Tusekile alisimama na sindano mkononi. Kutoka pale hadi Bulongwa gari lilikuwa moja tu, la saa nane. Aliinama, akavuta mdomo wa gunia, akaanza kulishona, kwa mishono ya karibukaribu ili lisifunguke njiani.